Usimsahihishe Mgonjwa

Siku tatu kabla Bibi hajahamia kwetu, Mama aliandika kanuni tano na kuzibandika kwa plasta ya hospitali kwenye mlango wa kabati la jikoni. Mama ni muuguzi wa wodi ya wazee, na ana imani kubwa na karatasi zilizobandikwa. Kanuni ya kwanza ilisema: *Usimsahihishe mgonjwa.* Ya pili ilihusu dawa. Ya tatu ilihusu mazulia. Ya nne na ya tano sizikumbuki, kwa sababu hatukupata nafasi ya kuzitumia.

Bibi ni mama yake Baba. Alianguka bafuni, akavunjika nyonga, akalazwa wiki tatu. Alipotoka, mguu ulikuwa umeunga kuliko akili. Mama alitueleza kwamba hali hiyo huwapata wazee wengi baada ya upasuaji, na kwamba kumbishia mgonjwa wa namna hiyo ni sawa na kumsukuma ngazini.

"Akisema leo ni Ijumaa, ni Ijumaa," alisema Mama. "Hewala haigombi."

"Na akisema mimi ni askofu?" aliuliza Baba.

"Utabariki chakula."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ndefu, nikisubiri mwaka wangu wa mwisho katika shule ya bweni iliyo mwendo wa saa nne kwa basi. Shule ingefunguliwa Jumatatu ya wiki ya saba tangu Bibi aletwe. Ambaye asingekuwa ametia saini fomu ya mtihani kufikia Ijumaa ya wiki hiyo asingefanya mtihani, angengoja mwaka mzima. Mwalimu mkuu alilirudia jambo hilo mara tatu, na mara ya tatu alinyoosha kidole. Niliiandika tarehe ndani ya jalada la daftari langu, nikaipigia mistari miwili.

Kwa miaka yote Bibi alikuwa akiniita mke mwenza. Alinituhumu kwamba nilimlia nyama yake, kwamba nilimpikia mumewe vibaya mpaka akafa mapema, kwamba nilivaa kanga zake bila ruhusa. Huo ndio ulikuwa utani wetu, nami nilimjibu inavyostahili. Siku aliyoletwa, alinitazama kutoka kwenye kiti cha magurudumu na macho yake yakajaa machozi.

"Mwanangu," alisema. "Umerudi lini?"

"Jana," nilijibu, kwa sababu ya kanuni ya kwanza.

Mama alitikisa kichwa kuniridhia, kama anavyofanya kwa wauguzi wanafunzi.

Sote tulielewa Bibi alikuwa akimwona nani. Baba alikuwa na dada mmoja, aliyemzidi miaka miwili. Alikufa akiwa na miaka kumi na saba. Picha yake ilitundikwa sebuleni, na kila mgeni aliyeingia alisema kwamba mimi na shangazi yangu tulikuwa shilingi kwa ya pili. Tulikuwa na taya moja, paji moja, na miwani ya aina moja, ingawa yake ilikuwa nzito zaidi.

Siku tatu nilikuwa binti wa Bibi. Haikuwa kazi ngumu. Nilimlisha uji, nilimkata kucha, nilikubali kwamba nilikuwa nimefaulu hesabu.

Siku ya nne asubuhi nilikuwa nikimchana nywele Bibi, Baba akaingia na sinia la chai. Alilitua juu ya kimeza. Kisha akanigeukia, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, Dada," alisema.

Mdogo humwamkia mkubwa. Baba hamwamkii bintiye. Nilimtazama Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na shuka chafu mikononi. Mama alielekeza kidevu upande wa jikoni, kwenye kabati.

"Marahaba," nilimjibu baba yangu.

Bibi alimtazama Baba kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Alifungua mdomo, akaufumba, akaomba sukari. Nilidhani amesahau alichotaka kusema.

Baba ni fundi wa miwani. Karakana yake ni chumba chetu cha mbele, kinachotazama barabara. Kuna mashine ya kusagia lenzi inayonung'unika kutwa, kuna chati ya herufi ukutani, na kuna droo ndefu yenye kadi za vipimo vya macho ya watu wote aliowahi kuwahudumia yeye, na kabla yake, babu yangu. Baba hatupi kadi. Husema kwamba mtu hufa, macho yake hubaki na namba.

Mwishoni mwa wiki ya pili aliniita karakana, akanivua miwani yangu na kunivisha nyingine. Sakafu iliinama. Chati ya herufi ikawa ukungu wenye miguu.

"Hii si yangu," nilisema.

"Ni yako. Nimeisaga upya leo asubuhi. Fremu ndiyo ya zamani."

Kadi ilikuwa mezani. Ilikuwa ya manjano, imeandikwa kwa mwandiko wa babu.

"Ba..." nilianza. Bibi alikuwa sebuleni, na mlango ulikuwa wazi. "Mdogo wangu, kichwa kinaniuma."

"Utazoea, Dada. Mwanzoni huwa hivyo."

Miwani yangu aliiweka kwenye droo na kugeuza ufunguo. Nilimwendea Mama. Mama alinishika kidevu, akanimulika macho kwa tochi yake ndogo, akasema mboni zinafanya kazi vizuri.

"Lakini sioni, Mama!"

"Unaniona mimi?"

"Nakuona."

"Basi vumilia. Bibi yako amelala vizuri siku kumi mfululizo. Funika kombe mwanaharamu apite."

Nilitembea kwa kupapasa kuta kwa siku tano. Nilimwaga supu juu ya zulia, lile lile lililokatazwa na kanuni ya tatu. Siku ya sita kichwa kiliacha kuuma. Siku ya kumi niliamka nikavaa miwani ile na kusoma chati yote kutoka mlangoni, hadi mstari wa mwisho. Baba alipiga makofi. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuja kutengenezewa mkono wa miwani, naye alipiga makofi kwa adabu.

"Huyu ni nani wako, fundi?" aliuliza.

"Dada yangu mkubwa."

Mwalimu alinitazama mimi, kisha akazitazama mvi za baba yangu.

"Hongera," aliniambia. "Umejitunza."

Wiki ya tano ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikuwa uani nikianika nguo. Mama aliniita kwa jina langu kutoka dirishani. Nilisikia sauti yake, na nilidhani kwamba kuna mtu mwingine uani. Aliniita tena. Niliendelea kubana shuka. Kisha akasema, "Wifi."

Niligeuka.

Tulitazamana juu ya kamba ya nguo, mke na dada wa mume. Mama alirudisha kichwa ndani na kufunga dirisha, ingawa kulikuwa na joto.

Tangu siku hiyo nililifunua daftari langu kila asubuhi na kuisoma ile tarehe. Niliisoma kama mtu anavyobonyeza jino bovu ili ahakikishe bado lipo.

Jumamosi, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, nilitafuta viatu. Nilikuwa na jozi tatu. Zote hazikuwepo.

"Vipo kwa fundi viatu," alisema Baba bila kuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Havikuwa na ubaya wowote."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia avikague taratibu, asiharakishe. Hata mwezi."

"Jumatatu nafungua shule."

Alizima mashine.

"Dada," alisema kwa upole, "Jumatatu huendi popote. Nimeshawaandikia."

Alikuwa ameandika kweli. Mchana huo mwalimu mkuu alimpigia simu Mama. Alisema amepokea barua nzuri sana, yenye mwandiko wa kupendeza, inayomwondoa shuleni mwanafunzi ambaye shule haina. Walitafuta jina hilo katika madaftari ya sasa, wakalikosa. Karani mmoja mzee alilikuta katika kitabu cha miaka thelathini iliyopita. Mwalimu mkuu alitaka kujua kama ni mzaha.

"Ulimjibu nini?" nilimuuliza Mama.

"Kwamba tuna mgonjwa nyumbani."

"Na mimi? Ulimwambia kwamba mimi nitafika?"

"Hakuniuliza habari zako."

Jumapili nilipiga moyo konde. Niliona kwamba mzizi wa jambo ni Bibi. Akiujua ukweli, hakutakuwa na sababu ya mtu yeyote kuendelea. Huenda angelia. Huenda angezimia, na Mama angenilaumu maisha yangu yote. Lakini Ijumaa ya kutia saini ilikuwa inakuja, nami sikuwa na hakika kwamba mwakani kungekuwa na mimi wa kuitia.

Nilifunga mlango wa chumba chake, nikaketi kitandani, nikamshika mikono.

"Bibi, shangazi alikufa. Alikufa zamani. Mimi ni mjukuu wako."

Bibi alishusha pumzi ndefu.

"Uuuh," alisema. "Mke mwenza, umechelewa wewe! Nilidhani utanizika kwanza ndipo useme."

Niliiachia mikono yake.

"Usinitumbulie macho. Nilichanganyikiwa siku tatu. Zile dawa zao zingemchanganya hata punda. Siku ya nne nikaamka, akili hii hapa, nataka nikutukane kwa ule uji wako wa mabonge. Baba yako akaingia na chai, akakuamkia. Niliuona uso wake. Tangu mwanangu afe sijawahi kumwona na uso ule. Na jikoni mmebandika amri kwamba mgonjwa asisahihishwe. Basi na mimi sikumsahihisha."

"Kwa hiyo ulikuwa unaigiza?"

"Na wewe ulikuwa unafanya nini, unalima?"

Karakana, mashine ya lenzi ilinung'unika.

"Alikufaje?" niliuliza. Nyumbani kwetu swali hilo halikuwahi kuulizwa.

"Alikuwa anarudi shule, Jumatatu. Baba yako alitakiwa kumbebea sanduku hadi stendi. Alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko kwenye mpira. Dada yake alimngoja, akaona basi litamwacha, akajitwika sanduku mwenyewe. Ukijitwika sanduku begani huoni upande mmoja. Lori lilitokea upande huo." Bibi alijifuta mdomo. "Baba yako alichelewa dakika kumi. Hakulia, hata siku ya kuzika. Alikwenda karakana, akapanga kadi za babu yako kwa herufi."

Nilimkuta Mama jikoni, akikatakata vitunguu. Nilimweleza kwamba Bibi ni mzima.

"Najua," alisema Mama. "Mimi ni muuguzi."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Nilionesha kabati. "Basi karatasi hii ni ya nini?"

"Niliiandika kwa ajili ya bibi yako. Wiki ya pili nikaona mgonjwa ni mwingine. Sikuona haja ya kuandika nyingine, kanuni ni zile zile." Aliendelea kukata vitunguu, na machozi yakamtoka kwa namna ambayo mtu asingeweza kusema yametokana na nini. "Niliuliza wodini, bila kutaja jina. Daktari alisema mgonjwa wa namna hiyo akivunjiwa ghafla anachokiamini, anaweza kujidhuru. Karakana imejaa vioo na visu. Nikahesabu. Wewe ni mtu mmoja, na yeye ni mtu mmoja."

"Na ukamchagua nani?"

"Nilikuchagua wewe uwe na baba."

Nilitaka kumjibu jibu baya, na nilikuwa nalo. Lakini mlango wa karakana ulifunguliwa, Baba akachungulia akiwa na vumbi jeupe la lenzi kwenye nyusi.

"Dada, Mama hajambo?"

"Hajambo, mdogo wangu," nilisema.

Usiku huo nililala bila kufikiri sana, kwa sababu nilikuwa nimeshapata njia. Palikuwa na njia moja tu.

Asubuhi ya Jumatatu nilivaa sare, na miguuni nikavaa ndala za Mama. Nilibeba sanduku hadi karakana, nikaliweka katikati ya sakafu. Baba aliligeukia kama mtu aliyeona nyoka.

"Mdogo wangu," nilisema, "basi langu linaondoka saa tatu. Nimekuja mapema ili usichelewe. Naomba unisindikize."

Mikono yake ilishika ukingo wa meza.

"Hakuna mpira leo," niliongeza.

Alitazama saa ya ukutani. Alitazama saa ya mkononi. Alizilinganisha. Kisha akavua aproni, akaikunja mara nne, akafungua droo na kunipa miwani yangu bila kueleza chochote, akalinyanyua sanduku. Bibi alitutazama kutoka dirishani na hakuaga. Mama alibaki jikoni.

Stendi iko mwendo wa dakika kumi. Tulitumia saa moja. Kwenye barabara kuu Baba alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu iliyoacha alama, akasubiri magari yaishe. Hakusubiri pengo, alisubiri barabara iwe tupu kabisa, pande zote mbili, kama ardhi isiyo na watu. Dereva mmoja wa lori alisimama akatupungia tupite.

"Tangulia wewe!" alifoka Baba. "Tangulia!"

"Mzee, nimewasimamia!"

"Sikukuomba! Tangulia!"

Lori lilitangulia. Tulivuka.

Alilipakia sanduku mwenyewe, akamwambia kondakta, "Huyu ni dada yangu. Anashuka shuleni, si kabla." Kondakta alinitazama, akaamua kwamba si kazi yake. Baba alisimama chini ya dirisha langu. Alikuwa anatabasamu, na alionekana na umri wa miaka kumi na mitano.

"Safari hii nimewahi," alisema.

"Umewahi," nilimwambia. "Nenda salama, mdogo wangu. Usirudi tena kuningoja."

Nilitaka kusema "Baba" basi lilipoanza kuondoka. Nilijua kwamba neno hilo lingelisimamisha basi, kwa hiyo nilinyamaza.

Nilifika shule, nikarudi kwenye miwani yangu, na kwa siku tatu nilitembea kwa kufuata ukuta, wenzangu wakiniita Popo. Jumatano nilitia saini fomu. Karani mzee alinichungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, lakini nilikuwa nimeandika jina langu, na nililisoma mara mbili ili nihakikishe.

Siku ya kutembelewa, wiki tano baadaye, Mama alikuja peke yake. Alileta sabuni, madaftari, na jozi tatu za viatu. Tuliketi kwenye benchi nje ya bwalo. Alikuwa amepumzika, uso wake ulikuwa umejaa.

"Baba hajambo?" niliuliza.

"Hajambo sana. Anakula. Analala. Amefuta vumbi karakana yote." Alinyoosha mikunjo ya sketi yake. "Kesho yake baada ya kuondoka kwako, alitangaza msiba."

"Wa nani?"

"Wa dada yake. Alikaa sebuleni, akalia siku nne. Daktari anasema ni jambo jema, lilikuwa limekaa ndani miaka thelathini."

"Watu walikuja?"

"Walikuja. Majirani wetu wana adabu. Mwalimu mstaafu alileta viti."

"Hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani?"

"Walikuwa wamemwona akikusindikiza na sanduku. Wewe hukurudi. Wakaunganisha wenyewe." Aliitazama mikono yake. "Bibi yako alilia kwa haki yake. Ni mwanaye."

Wanafunzi walipita wakiwa na wazazi wao. Mmoja alikuwa anagombana na baba yake juu ya soksi. Niliwasikiliza hadi walipopotea nyuma ya jengo.

"Kwa hiyo sasa amepona," nilisema. "Sasa anajua kwamba ana binti."

Mama alifungua mkoba, akaufunga.

"Hajakuulizia," alisema. "Nilidhani ataanza kuuliza baada ya msiba. Kila siku namngojea aulize. Juzi aliingia chumbani kwako, akaniuliza kwa nini tuna kitanda cha ziada."

"Ukamwambia nini?"

"Sikumsahihisha."

Kengele ililia. Wazazi walianza kusimama. Mama alibaki ameketi, ameushika mkoba kwa mikono miwili. Likizo ilikuwa wiki tatu mbele, na niliona kwamba alikuwa amesafiri saa nne ili aniulize nifanye nini nayo, na kwamba hakuwa na ujasiri wa kuuliza.

"Akiniona mlangoni atashtuka," nilisema. "Nina uso wa marehemu."

"Ndiyo."

"Mwambie mmepata mpangaji. Mwanafunzi, anakuja wakati wa likizo tu. Mtulivu."

Mama alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama anavyofikiria kipimo cha dawa. Alisema linawezekana. Alisema mpangaji asingeshangaza mtu, kwa kuwa chumba ni kitupu. Kisha akatoa kalamu na kijikaratasi kwenye mkoba, akaniuliza mpangaji angependa kuitwa nani, na kama chai yake atainywea mezani na familia au chumbani kwake.

"Mezani," nilisema, "kama wenye nyumba hawatajali."

Aliandika.